Maneno, Kura na Tuzo: Nafasi ya Isimu katika Kutabiri Ushindi wa Nyimbo za Filamu, kwa Kurejelea "Hakuna Matata" na Matumizi Yake Kilosa na Mikumi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza iwapo lugha ya wimbo wa filamu inaweza kutumiwa kutabiri ushindi wa wimbo huo katika tuzo kubwa, hasa tuzo ya Oscar. Data ya msingi ni matokeo ya Oscar na ya Golden Globe kwa filamu za mwaka 1994 hadi 2024. Inadaiwa hapa kwamba kanuni za tuzo hutabiri kushindwa kwa uhakika, kura iliyotangulia hutabiri ushindi kwa kiasi, na maneno ya wimbo hutabiri kidogo sana. Hata hivyo, maneno hayohayo ndiyo yanayoeleza jambo ambalo kura hailigusi: kwa nini wimbo ulioshindwa unaweza kuibadili lugha kuliko ule ulioshinda. Mfano unaochanganuliwa ni "Hakuna Matata", wimbo ulioteuliwa na kushindwa mwaka 1995, pamoja na hali ya kirai hicho katika Kiswahili cha Kilosa na Mikumi.

1.0 Utangulizi

Mji mdogo wa Mikumi, katika Wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, umekaa kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia. Barabara hiyo hukatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, hata abiria wa basi la Iringa au Mbeya huweza kuwaona twiga na pundamilia bila kushuka kitini. Jina lenyewe la Mikumi ni la miti: mikumi ni mivumo, ile miti ya jamii ya mnazi yenye shina lililovimba katikati. Basi hapo, mahali palipopewa jina na wenyeji kwa kuitazama ardhi yao, hufika mgeni kutoka Ulaya au Marekani akiwa na maneno mawili ya Kiswahili ambayo hakufundishwa na mwalimu yeyote. Husema "hakuna matata". Huyasema kwa dereva, kwa mpishi wa hoteli na kwa askari wa wanyamapori, na aghalabu huyasema kwa kuyaimba.

Maneno hayo ameyapata katika filamu ya katuni ya The Lion King ya mwaka 1994. Filamu hiyo iliteuliwa mara tatu katika kundi moja la tuzo za Oscar zilizotolewa mwaka 1995, yaani kundi la wimbo bora wa asili. Nyimbo zilizoteuliwa ni "Can You Feel the Love Tonight", "Circle of Life" na "Hakuna Matata". Zote zilitungwa muziki na Elton John na maneno na Tim Rice. Ulioshinda ni wa kwanza. Wimbo wenye kirai cha Kiswahili ulishindwa.

Swali linalozuka ni hili: je, mwanaisimu aliyekuwa na matini za nyimbo hizo tatu mbele yake angeweza kusema mapema ni upi utakaoshinda? Swali laonekana dogo, la gazeti la burudani zaidi kuliko la jarida la kitaaluma. Lakini ndani yake mna suala la zamani la taaluma hii, yaani uhusiano baina ya sifa za ndani za matini na thamani inayopewa matini hiyo na jamii. Wanafunzi wengi wa fasihi simulizi huandika tasnifu nzima wakichukulia kwamba fani nzuri huzaa kukubalika. Tuzo za nyimbo za filamu zinatoa nafasi adimu ya kulijaribu dai hilo, kwa kuwa matokeo yake yanajulikana kwa mwaka na kwa jina.

Miaka itakayotajwa hapa ni miaka ya filamu, isipokuwa pale inapoelezwa vinginevyo. Tuzo zenyewe hutolewa miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata.

2.0 Kanuni: kile kisichoweza kushinda

Utabiri ulio na uhakika kuliko wote hauhitaji kuusikiliza wimbo. Kanuni za Oscar zinataka wimbo uwe na maneno na muziki, vyote viwili vya asili, na viwe vimetungwa mahsusi kwa ajili ya filamu husika. Unatakiwa usikike ndani ya filamu kwa namna ambayo maneno na lahani vinatambulika, au uwe ndio muziki wa kwanza kusikika majina ya watengenezaji yanapoanza kupita mwishoni.

Sharti la kutungwa kwa ajili ya filamu lina historia. Tuzo ya wimbo ilianza na filamu za mwaka 1934. Kwa filamu za mwaka 1941 ilishinda "The Last Time I Saw Paris", wimbo uliokuwapo kabla ya filamu iliyoutumia. Mtunzi wake wa muziki, Jerome Kern, hakufurahia kushinda kwa njia hiyo, na kanuni ikakazwa baadaye. Si mara nyingi mshindi huwa miongoni mwa wanaoulalamikia ushindi wake.

Athari ya kanuni hii kwa Afrika Mashariki ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtengenezaji wa filamu akiuweka wimbo wa "Malaika" katika filamu yake, hata ukaimbwa kwa ufundi usio na mfano, wimbo huo hauwezi kuteuliwa, maana umekwisha kuwapo kwa miongo kadhaa. Kadhalika nyimbo za ngoma za Wasagara, Wavidunda na Wakaguru wa Wilaya ya Kilosa na maeneo jirani. Wimbo wa jando hauna mtunzi wa kuandikwa katika fomu. Una waimbaji wanaoupokea, wanaupunguza hapa na kuuongeza pale, kisha wanaupokeza. Dhana ya uasilia inayotumiwa na tuzo ni dhana ya mtu mmoja, au wawili watatu, kukaa na kuanzisha kitu kipya kwa tarehe inayojulikana. Katika utamaduni ambamo ubora wa wimbo hupimwa kwa jinsi unavyofaa tukio na jinsi unavyowajibu waliotangulia, uasilia wa namna hiyo si sifa ya kwanza kutafutwa. Kwa hiyo sehemu kubwa sana ya nyimbo za Kiswahili na za lugha jirani imekwisha kutolewa mashindanoni kabla ya kura ya kwanza kupigwa. Jambo hili halisemwi kwa kulaumu. Tuzo ina haki ya kuchagua inachopima. Kosa ni la mhakiki anayechukua orodha ya washindi kuwa ni orodha ya nyimbo bora za dunia.

3.0 Kura hutabiri kura

Baada ya kanuni, kiashiria kinachotumiwa zaidi na watabiri ni matokeo ya tuzo zinazotangulia, na mashuhuri kati ya hizo ni Golden Globe, inayotolewa kabla ya Oscar. Katika miaka 31 ya filamu, 1994 hadi 2024, wimbo ulioshinda Golden Globe ndio uliokuja kushinda Oscar mara 18. Mara 13 haikuwa hivyo. Mtu akiishia hapo atasema kwamba Golden Globe haimzidi sana mpiga ramli.

Lakini data hiyo haina budi kugawanywa. Tofauti hizo 13 si za aina moja. Katika 6 kati yake, wimbo wa Golden Globe uliteuliwa pia kwa Oscar ukashindwa na mwingine: ndivyo ilivyokuwa kwa filamu za 1998, 2001, 2002, 2013, 2017 na 2020. Katika 7 zilizosalia, wimbo wa Golden Globe haukuteuliwa kabisa, kwa hiyo haukuwa na nafasi ya kushinda wala kushindwa katika kura ya mwisho. Na hizo 7 zote ni za kipindi kimoja, 2004 hadi 2011. Zikiondolewa, hubaki miaka 24 ambayo wimbo wa Golden Globe ulifika katika kura ya mwisho ya Oscar, nao ulishinda mara 18. Hiyo ni robo tatu kamili.

Kwa nini 2004 hadi 2011? Jibu halimo katika nyimbo, limo katika utaratibu. Katika sehemu kubwa ya kipindi hicho wanachama wa tawi la muziki walikuwa wakitazama vipande vya filamu vyenye nyimbo na kuupa kila wimbo alama. Usiofikia wastani uliowekwa haukuteuliwa. Ndiyo sababu walioteuliwa walikuwa 3 tu kwa filamu za 2005, 3 tena kwa 2008, 4 kwa 2010 na 2 tu kwa 2011. Wimbo unaosikika mwishoni, wakati majina yanapita juu ya giza, haukuwa na picha ya kuutetea. "The Wrestler" wa Bruce Springsteen ulipata Golden Globe kwa filamu za 2008 na haukuonekana katika orodha ya Oscar. Kwa filamu za 2012 ikarudishwa idadi ya watano, na tangu mwaka huo hadi 2024 tuzo hizi mbili zilikubaliana mara 10 katika miaka 13.

Somo la kimbinu ni muhimu. Mtafiti ambaye angeyachukua matokeo ya 2004 hadi 2008, miaka mitano mfululizo ambayo tuzo hizi hazikukubaliana hata mara moja, angeweza kujenga nadharia ndefu kuhusu ladha ya wanamuziki na ladha ya waandishi wa habari, maana wapigakura wa Golden Globe wa wakati ule walikuwa waandishi wasiofika mia moja, ilhali wa Oscar walikuwa maelfu. Nadharia hiyo ingependeza, na kwa sehemu kubwa ingekuwa kosa.

Kiashiria kingine kinachotajwa ni jina la mtunzi. Tim Rice alishinda kwa filamu za 1992, 1994 na 1996, na hili laweza kumshawishi mtu kwamba jina hushinda. Upande wa pili yupo Diane Warren, aliyeteuliwa mara 16 kufikia filamu za 2024 bila kushinda hata mara moja katika ushindani. Aliyopewa mwaka 2022 ni tuzo ya heshima. Jina, basi, hufungua mlango wa uteuzi. Halimfikishi mtu barazani.

4.0 Mapenzi na mzaha

Sasa zitazamwe nyimbo tatu za The Lion King. Dai la kawaida ni kwamba filamu ikiwa na nyimbo kadhaa zilizoteuliwa, kura hugawanyika na zote huanguka. Filamu nne zinafaa kulipima dai hili, zote zikiwa na nyimbo tatu tatu: Beauty and the Beast ya 1991, The Lion King ya 1994, Dreamgirls ya 2006 na Enchanted ya 2007. Mbili za kwanza zilishinda, mbili za mwisho zilikosa. Baada ya hapo kanuni ikabadilishwa, filamu moja isiteuliwe kwa zaidi ya nyimbo mbili. Hoja ya mgawanyiko wa kura, kwa ushahidi huu, haithibitiki wala haikanushiki.

Dai la pili ni la kimaudhui: kwamba ndani ya filamu moja wimbo wa taratibu wa mapenzi huushinda wimbo wa mzaha. Mwaka 1991 wimbo wenye jina la filamu ulishinda dhidi ya "Be Our Guest". Mwaka 1992, katika Aladdin, "A Whole New World" ulishinda dhidi ya "Friend Like Me". Mtabiri wa mwaka 1995 aliyekuwa na mifano hii miwili angesema bila wasiwasi kwamba "Hakuna Matata" hautashinda, na angepata. Lakini angekuwa amesahau mwaka 1989, ambapo "Under the Sea", wimbo wa shangwe unaoimbwa na kaa, uliushinda "Kiss the Girl" wa filamu hiyohiyo ya The Little Mermaid. Angesahau pia mwaka 1980, ambapo "Fame" uliushinda wimbo wa taratibu wa "Out Here on My Own". Utabiri uliokuwa sahihi si lazima uwe umetokana na kanuni iliyo sahihi.

Ipo hoja nzito zaidi, nayo ni ya kimasimulizi. Katika The Lion King, falsafa ya "hakuna matata" ni kosa ambalo shujaa anatakiwa kulishinda. Simba anakimbilia kwa Timon na Pumbaa, anafundishwa kutojali, na hadithi nzima inamwita arudi kwenye wajibu. Wimbo huo ni kituo cha njiani. Yaelekea wapigakura hupendelea wimbo unaosema kile ambacho filamu yenyewe inakiamini. Hata hivyo hoja hii nayo hukutana na "Let It Go" wa Frozen, 2013. Huo pia unaimbwa na mhusika anayejitenga, na filamu baadaye inamrudisha kwa watu. Ukashinda.

Inafaa kuongezwa hapa kwamba tuzo ya Oscar hupewa maneno na muziki kwa pamoja, hivyo mchango wa maneno hauwezi kutengwa. Katika tuzo za Filmfare za India hali ni tofauti. Hizo zilianza kutolewa mwaka 1954, na tangu 1959 mtunzi wa maneno ana tuzo yake peke yake; wa kwanza kuipata alikuwa Shailendra. Kwa mtafiti wa Kiswahili hilo ni eneo lenye rutuba. Filamu za Kihindi zilitazamwa mno katika miji ya Tanzania, na lahani zake ziliingia katika taarabu zikavishwa maneno mapya ya Kiswahili. Yaani watunzi wetu walifanya kwa vitendo kile ambacho Filmfare ilikifanya kwa kanuni: walitenga lahani na maneno, wakaichukua lahani, wakayaacha maneno.

5.0 Lugha ya wimbo

Je, lugha isiyo Kiingereza ni kikwazo? Tangu filamu za 1934 hadi za 2024, nyimbo zilizoshinda Oscar zikiwa katika lugha nyingine ni tano: "Never on Sunday" kwa Kigiriki (1960), "Al otro lado del río" kwa Kihispania (2004), "Jai Ho" kwa Kihindi kwa sehemu kubwa (2008), "Naatu Naatu" kwa Kitelugu (2022) na "El Mal" kwa Kihispania (2024). Kati ya ya kwanza na ya pili ilipita miaka 44. Kati ya ya nne na ya tano, miaka 2. Mwaka 2005 wimbo wa Jorge Drexler ulipoteuliwa, hakupewa nafasi ya kuuimba jukwaani. Uliimbwa na Antonio Banderas akisindikizwa na gitaa la Carlos Santana. Drexler aliposhinda alitumia muda wake wa shukrani kuimba.

Kiswahili kimo katika historia hii kwa namna ya pekee. "Hakuna Matata" ni wimbo wa Kiingereza wenye kirai cha Kiswahili ambacho hufasiriwa papo hapo ndani ya wimbo wenyewe. Mwaka 2019, katika toleo jipya la The Lion King, wimbo wa "Spirit" wa Beyoncé ulifunguliwa kwa mwito wa Kiswahili kisha ukaendelea kwa Kiingereza. Uliteuliwa kwa Golden Globe, uliingia katika orodha ya awali ya nyimbo 15 za Oscar, na haukufika katika tano. Mfano wa tatu si wa filamu, nao unafundisha zaidi. "Baba Yetu" wa Christopher Tin ulitungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta wa Civilization IV wa mwaka 2005, na matini yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho. Mwaka 2011 ulipata Grammy, ukiwa wimbo wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kuipata. Lakini kundi ulimoshinda ni la upangaji wa muziki unaosindikiza waimbaji. Kiswahili kizima kilikuwapo ndani ya wimbo. Kilichotuzwa kilikuwa kando yake. Na kama wimbo huo ungekuwa wa filamu, Oscar isingeupokea, kwa kuwa maneno yake hayakutungwa upya.

Ulinganisho wa "Hakuna Matata" na "Naatu Naatu" unaonyesha hatua iliyopigwa. Neno la Kitelugu *naatu* lina maana ya kitu cha kienyeji, cha asili ya shamba. Wimbo haumfasirii mtazamaji wa kigeni neno hilo. Unalirudia, na ngoma ya wahusika inaeleza. Katika wimbo wa 1994 lugha ya Kiafrika ilihitaji mkalimani ndani ya ubeti. Katika wimbo wa 2022 lugha ya Kiasia ilisimama yenyewe. Lakini haifai kuharakisha kusema kwamba kutofasiri ndiko kulikoshinda. Filamu ya RRR ilikuwa na nguvu zake, na wimbo ulikuwa umekwisha kushinda Golden Globe. Hapo tena kura ilitabiri kura.

6.0 "Hakuna matata" Kilosa na Mikumi

Kama maneno hayatabiri ushindi, yanaeleza nini? Zitazamwe tungo zifuatazo, ambazo mzungumzaji wa Kilosa mjini, wa Kimamba au wa Mikumi angeweza kuzitumia mtu anapomwomba radhi au anapoomba kuahirisha malipo:

(1) a. Hakuna shida.
b. Hamna shida.
c. Hakuna tatizo.
d. Hakuna neno.
e. Hakuna matata.

Tungo (1a) hadi (1d) ni majibu ya kawaida. Kijana akimwambia mwenye duka, "Shikamoo mama, ile mia tano nitaileta kesho," mama ataitikia "Marahaba", kisha "Hamna shida, mwanangu." Hatasema (1e), isipokuwa kwa utani. Kisarufi (1e) haina kasoro hata moja. Kina kikanushi *ha-*, kipatanishi cha mahali *ku-*, na *-na* ya umilikaji, kikifuatwa na nomino ya ngeli ya *ma-* yenye mzizi uleule wa *tatizo*, *utata* na *tatanisha*. Tofauti ni ya kipragmatiki. Katika Kiswahili cha bara *matata* hubeba zaidi maana ya ugomvi na vurugu: "ana matata yule", "msituletee matata". Anayesema (1e) kwa maana hiyo anatangaza amani baada ya magomvi. Hamsamehi mtu deni la mia tano.

Kirai hiki hakikuanzia katika filamu. Kilikwisha kusikika katika "Jambo Bwana" wa kundi la Them Mushrooms la Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wimbo uliolenga watalii wa pwani, kisha katika toleo la Boney M la mwaka 1983. Filamu ilikikuta kimekwisha kuwa Kiswahili cha kumpokea mgeni. Kilichofanywa na filamu ni kukigeuza kuwa Kiswahili ambacho mgeni anakuja nacho. Mwelekeo wa usemaji umegeuzwa: zamani mwenyeji alimwambia mtalii, sasa mtalii humwambia mwenyeji.

Kwa nini kirai hiki na si (1a) au (1c)? Hapa isimu ina la kusema. *Hakuna matata* ina silabi sita, zote wazi, na tano kati yake zina irabu *a*. Kila neno lina silabi tatu na mkazo huangukia ya katikati: ha-KU-na ma-TA-ta. Nusu mbili zinalingana kama mizani ya ukwapi na utao. *Hakuna shida* ina upungufu wa silabi moja, na *hakuna tatizo* huvunja mfululizo wa irabu mwishoni. Zaidi ya hayo, *hakuna* haina nafsi wala njeo ya kumtatiza mgeni. Anaweza kuimeza nzima bila kujua ina viungo. Kwa sifa hizi mwanaisimu angeweza kutabiri mwaka 1994 kwamba kirai hiki kitaenea. Asingeweza kutabiri kwamba kitashinda tuzo, na asingekuwa na haki ya kujaribu. Mwaka 2004 American Film Institute ilipotangaza nyimbo 100 za filamu za Marekani, "Hakuna Matata" ulikuwa wa 99. Miaka tisa tu ilikuwa imepita tangu uliposhindwa.

Mfano wa ndani ya wilaya unaonyesha njia iliyo kinyume. T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti wake Ukaguru kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha The Cool Knife mwaka 1997, ameeleza jinsi nyimbo na vitendawili vya jando na unyago vinavyoficha maana, na jinsi wakubwa wanavyowafumbulia vijana. Huko kuufahamu wimbo ni hatua ya kuwa mtu mzima. Maana haitolewi papo hapo, maana ikitolewa papo hapo kazi ya wimbo huwa imekwisha. "Hakuna Matata" hufanya kinyume kabisa: hutoa kirai, hutoa tafsiri, na humkabidhi kila msikilizaji uanachama bila mafunzo. Kuna mantiki ya soko katika hilo, na mantiki hiyo haikosi uzuri wake.

Upo pia mfano wa kisasa, nao umetokea Mikumi kwa namna ambayo hakuna mtabiri angeithubutu. Joseph Haule, ajulikanaye kama Professor Jay, alitoa mwaka 2001 wimbo wa "Ndio Mzee", unaomkejeli mwanasiasa mwenye ahadi zisizotekelezeka. Kirai cha utiifu wa kila siku, kile ambacho mtoto humwitikia baba na karani humwitikia bosi, kiligeuzwa na wimbo kikawa kejeli. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kukitumia mbele ya mwanasiasa bila mtu kutabasamu. Haule mwenyewe alikuja kuwa Mbunge wa Jimbo la Mikumi kuanzia 2015 hadi 2020. Wimbo wake ulifanya kazi ya kisemantiki ndani ya Kiswahili, kwa wasemaji wake wenyewe, bila kufasiriwa.

Kwa "Hakuna Matata" kazi hiyo ilifanywa nje, na matokeo yake yamerudi kwa sura ya kisheria. Kampuni ya Disney iliomba kusajili kirai hicho kama alama ya biashara nchini Marekani mwaka 1994, na usajili wa matumizi yake katika mavazi ukakamilika mwaka 2003. Mwishoni mwa mwaka 2018 makumi ya maelfu ya watu walitia saini ombi la kuupinga. Usajili wa aina hiyo haumzuii mtu wa Kilosa kusema chochote, na waliodhani hivyo walikosea. Unachogusa ni fulana inayouzwa huko Marekani ikiwa na maneno hayo. Lakini suala la kiisimu linabaki pale pale, kwamba tungo iliyozalishwa na sarufi ya lugha, ambayo mzungumzaji yeyote angeweza kuiunda upya asubuhi yoyote kwa kanuni zilezile za *ha-ku-na*, imeandikwa katika daftari la mali.

Wimbo ulioshinda mwaka 1995 haukuacha neno lolote katika vinywa vya watu wa Mikumi. Ule ulioshindwa umeacha jozi ya matumizi ambayo bado haijachunguzwa ipasavyo: (1e) kwa mgeni, (1a) hadi (1d) kwa mwenyeji, zikitenganishwa na wazungumzaji walewale katika siku moja ya kazi. Dereva wa hifadhi humwitikia mtalii "hakuna matata" kwa sauti ya furaha, kisha hugeuka kumjibu mwenzake aliyechelewa kuleta mafuta, "Hamna shida, kaka, twende." Uchunguzi wa jozi hiyo, kwa kurekodi mazungumzo halisi katika lango la hifadhi, katika stendi ya Mikumi na katika soko la Kilosa, ungeonyesha kama (1e) inaanza kupenya katika mazungumzo ya wenyeji wa umri mdogo, waliozaliwa baada ya filamu, au kama imebaki sare ya kazini inayovuliwa jioni.